Mbung'o Hafuati Mti

Anayesafiri kwa barabara kutoka Tabora kwenda Mpanda huambiwa mapema afunge kioo. Ukishaipita Sikonge na kuiacha Ipole nyuma, miombo husogea hadi ukingoni mwa barabara, na kabla ya kufika mto Koga mbung'o wamekwisha kuingia garini. Mmoja yuko juu ya dashibodi, wawili wamejibandika migongoni mwa viti, mwingine anamtafuta utingo kwenye soksi. Dereva anatoa kopo la dawa chini ya kiti, anapuliza, watu wanakohoa, watoto wanalia kwa kuwashwa macho. Kisha huja kauli ambayo sijapata kuikosa katika safari za upande ule: hawa dawa yao ni kufyeka pori lote, liishe.

Kauli hiyo si ya madereva peke yao. Wafugaji wanaisema, wakulima wa tumbaku wanaisema, na wapo viongozi wanaoisema kwenye mikutano ya hadhara na kupigiwa makofi. Inaeleweka kwa nini inakubalika haraka. Mbung'o wako porini, mjini Tabora hawako. Basi pori likiondoka, nao wataondoka. Mwenye ng'ombe aliyepoteza nusu ya zizi kwa ugonjwa wa ndorobo, unaoenezwa na mbung'o, hahitaji kushawishiwa kwamba pori ni adui yake.

Mimi naipinga rai hii, na ninaipinga kwa sababu imeshajaribiwa magharibi mwa nchi yetu kwa mashoka, kwa moto na kwa matingatinga, na matokeo yake tunayo mbele ya macho. Tukiendelea kuiamini tutapoteza miombo, asali, mvua na kuni, na mbung'o tutabaki nao.

Tuanze na yule aliyeko kwenye kiti cha gari. Mtazame akiwa ametulia. Mabawa yake hayakutanuka kama ya inzi wa nyumbani. Yamelala mgongoni moja juu ya jingine, yamepitiliza mkia. Mdomo umechomoza mbele moja kwa moja, mwembamba, mgumu. Mwili ni bapa na mkavu, ndiyo maana ukimpiga kofi anainuka na kuruka kana kwamba hukumgusa. Wanaomjua hawampigi, wanamkandamiza na kumsugua mpaka waisikie sauti ya kuvunjika. Huuma juu ya kitenge, juu ya suruali ya jinzi, na dume huuma kama jike, kwa kuwa wote wawili chakula chao ni damu, hawana kingine.

Mdudu huyu hazaliani garini, wala jikoni, wala zizini. Jike la mbung'o halitagi mayai mamia kama inzi wengine. Hubeba buu mmoja tu tumboni, akamlisha humo humo kwa maziwa yake, na kila baada ya siku tisa au kumi akamzaa juu ya udongo laini wenye kivuli: chini ya gogo, kwenye tundu la ngiri, chini ya kichaka. Buu anajichimbia, anajifunika ganda gumu jeusi, anakaa humo mwezi mzima au karibu na hapo, halafu anatoka akiwa mbung'o kamili mwenye njaa. Jike anayeishi miezi miwili au mitatu ataacha watoto wasiozidi kumi. Sijui mdudu mwingine msumbufu kwa mifugo mwenye uzazi mdogo kiasi hiki, na ni ajabu kwamba sisi tunamwogopa kwa wingi wake badala ya kumshambulia kwa uchache wa watoto wake.

Kwa hiyo kopo la dawa linalopulizwa ndani ya gari linafanya nini? Linaua waliomo. Halimfikii aliyeko ardhini ndani ya ganda, wala jike aliyetulia kwenye shina la mti akimeng'enya damu ya nguruwe pori. Isitoshe, wengi wanaolifuata gari ni madume. Mbung'o wa miombo huvutwa na kitu kikubwa kinachotembea, na madume hukifuata hata wakiwa wameshiba, kwa kuwa wanajua ndipo majike yatakapokuja kula. Jike hupandwa mara moja, aghalabu, na mbegu hiyo inamtosha maisha yake yote. Dume mmoja hupanda majike kadhaa. Ukiua madume hamsini kutoka Sikonge hadi Koga, majike ya pori lile hayatapungukiwa na kitu, nawe utakuwa umewavutisha abiria wako sumu katika chumba kilichofungwa. Afadhali kusimama mahali peupe penye jua, kufungua milango yote pande zote mbili na kuwafukuza kwa kitambaa, maana mbung'o aliyefungiwa hukimbilia kwenye mwanga. Nguo za buluu na nyeusi ziachwe nyumbani, kwa kuwa rangi hizo ndizo zinazomvuta. Mafuta ya kujipaka ya kufukuzia mbu hayamsumbui sana.

Haya ni mambo ya msafiri. Lakini ndani yake mna ufunguo wa hoja yangu yote: mbung'o hulifuata gari ambalo si mti, halina majani wala kivuli. Analifuata kwa sababu linatembea, lina joto, linatoa vumbi, linafanana na mnyama. Mti kwake ni mahali pa kupumzikia tu. Damu ndiyo inayomweka hai, na damu hutembea.

Njia ya zamani ya misafara ya pembe za ndovu, kutoka Saadani na Bagamoyo hadi Mpwapwa, Tabora na Ujiji, ilijifunza jambo hili kwa gharama. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alisafiri na maksai wachache kutoka Saadani hadi Mpwapwa, wakafika wazima. Akarudi na habari njema kwamba njia haina mbung'o, na kwamba mizigo ya wapagazi ingeweza kuwekwa kwenye magari ya kukokotwa. Mwaka uliofuata uliandaliwa msafara mkubwa wa magari ya maksai kuelekea Ujiji. Hata Mpwapwa haikufikiwa kwa raha. Maksai walikonda, wakadhoofika, wakafa mmoja baada ya mwingine. Magari yakaachwa, na mizigo ikarudi mabegani na vichwani mwa watu. Edward Hore, baharia aliyekuwa katika kundi hilo, alifika Ujiji Agosti 1878, na hakufika kwa gurudumu.

Mwaka 1879 Wabelgiji wa Mfalme Leopold walikuja na dawa yao: tembo wanne waliofunzwa kutoka India, walioshushwa Msasani chini ya uongozi wa mtu aitwaye Carter. Hao mbung'o hakuwaweza, na hilo lilishangiliwa sana Ulaya. Lakini safari iliwamaliza kwa njia nyingine, na ni mmoja tu aliyefika Karema, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika.

Wengi wakisimulia habari hizi humalizia kwamba mbung'o alikuwa ameifunga nchi yote, kutoka pwani hadi ziwani, mpaka dawa za kizungu zilipokuja. Hapa ndipo rai ya kufyeka inapopata nguvu zake: pori lilikuwa jela, na shoka ni ufunguo. Sivyo ilivyokuwa. Richard Burton na John Speke walipoingia Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, Novemba 1857, walikuta ng'ombe. Walikuta Watusi wakichunga, maziwa na samli vikiuzwa, Waarabu wa Kazeh, Tabora ya leo, wakiwa na mazizi yao. Miombo ilikuwepo pande zote, mikubwa kuliko ya leo, na mbung'o walikuwemo. Kilichowawezesha watu kufuga ni jinsi walivyoishi na pori hilo: vijiji vilivyosongamana, mashamba yaliyolimwa mfululizo kuvizunguka, wanyama pori waliowindwa karibu na makazi, na ng'ombe waliokatizwa ukanda wa mbung'o usiku, wakati mdudu huyu kwa kawaida haumi. Pori lilikuwa kule, watu huku, na katikati palikuwa na jembe.

Mpangilio huo ulivunjika ghafla. Mnamo 1890 na 1891 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa mno ya ng'ombe, pamoja na nyati na wanyama wengine wa pori. Njaa na ndui zikafuata, vita vya Wajerumani vikafuata, na wanaume wakaendelea kuondoka kwa kazi za upagazi, halafu za reli na mashamba ya pwani. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza jinsi nchi iliyoachwa na jembe ilivyorudiwa na kichaka, na kichaka kikarudiwa na wanyama pori waliopona, na wanyama wakaja na mbung'o wao. Wanahistoria wenzake, Juhani Koponen akiwamo, wamempinga katika mengi, hasa picha yake ya nchi iliyojaa watu na neema kabla ya wakoloni. Ubishi huo una haki yake. Lakini kuhusu mfululizo wa kuhama kwa watu, kurudi kwa kichaka na kuingia kwa mbung'o, ushahidi ni mzito.

Kisha Waingereza wakaongeza. Malale, ugonjwa ambao mbung'o huwaambukiza watu, ilipolipuka Maswa mwaka 1922 na kuenea magharibi, serikali ya Tanganyika iliamua kuwakusanya watu waliotawanyika na kuwaweka katika makazi makubwa yaliyofyekwa, kwa mamia ya familia pamoja, sehemu za Tabora, Kahama na Kigoma. Ndani ya makazi hayo ugonjwa ulipungua, na haki itendeke: maisha ya watu wengi yaliokolewa. Lakini nchi waliyohamishwa ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ile waliyowekwa, na ikaachwa bila mtu. Sehemu kubwa ya hiyo ndiyo tunayoiita leo misitu ya hifadhi na mapori ya akiba. Tunapita ndani yake kwa gari, tunaumwa, na tunasema pori hili limekuwepo hivi tangu Adamu.

Sasa tulitazame shoka lenyewe. Mahali lilipotumika kwa bidii kuliko pote ni Shinyanga, jirani zetu wa kaskazini. Tangu miaka ya 1920, chini ya Charles Swynnerton, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa idara ya utafiti wa mbung'o, maelfu ya Wasukuma walipelekwa kukata miti na kuchoma nyasi, kazi iliyoendelea kwa miongo. Je, ilifanikiwa? Ndiyo, pale watu walipohamia nyuma ya shoka wakalima na kufuga bila kuondoka, mbung'o hawakurudi. Siwezi kulikataa hilo, wala sioni haja ya kulikataa. Lakini tazama bei. Kufyeka huko kukaungana na mashamba ya pamba na makundi makubwa ya ng'ombe, na kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inazungumzwa kama nchi inayogeuka jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kazi yake ikiwa kurudisha miti ileile ambayo serikali ya nyuma iliamuru watu waiondoe. Wasukuma wakaurudia utaratibu wao wa ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili yapumzike, na zaidi ya hekta 300,000 zikapata uoto tena. Mzee wa Shinyanga aliyeishi umri mrefu aliweza kuona kwa macho yake mti ukikatwa kwa amri na mti ukipandwa kwa amri.

Tabora tuna mfano wetu wenyewe, nao unasahauliwa. Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu za mpango wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea, kati ya mwaka 1947 na 1951. Matingatinga yaling'oa miombo kwa kasi ambayo shoka la Msukuma lisingeiota. Karanga zilishindwa, tumbaku ikachukua nafasi. Tumbaku nayo inakula msitu mara mbili: mara moja kwa shamba jipya, mara ya pili kwa kuni za kukaushia majani ndani ya bani. Kama kuondoa miti ndiko kunakoondoa mbung'o, Urambo ingekuwa wilaya ya kwanza Tabora kuwasahau. Hata hivyo katika karne hii ya 21 Urambo imeendelea kutajwa miongoni mwa wilaya chache za Tanzania zenye wagonjwa wa malale.

Najua nitajibiwa kwamba wilaya ni kubwa na kilichofyekwa ni kipande tu. Ni kweli, na jibu hilo linaniunga mkono. Kipande kilichofyekwa kimezungukwa na pori lenye wanyama, na mkulima hukaa humo na kutoka humo. Anaingia porini kukata kuni na kurina asali, anarudi. Shamba la tumbaku likichoka baada ya misimu michache linaachwa. Nenda ukalitazame shamba kama hilo mwaka wa tatu. Visiki vya miombo havifi. Kila kimoja kinatoa machipukizi kumi, membamba, yanayosongamana, na chini yake kivuli kizito kuliko cha msitu wenyewe ulioondolewa. Humo ngiri anachimba, nguruwe pori anajificha mchana, pongo anazalia. Ngiri na jamaa zake nguruwe ni miongoni mwa wanyama ambao mbung'o anawapenda kuliko wote. Tumekata msitu mrefu wenye upepo chini yake, tukajenga kichaka kifupi kinachomfaa mbung'o zaidi, tena hatua chache kutoka mlangoni.

Wengine husema: basi tuue wanyama. Hilo nalo lilifanywa, na Rhodesia Kusini ndiyo iliyolifanya kwa ukamilifu kuliko nchi zote; wanyama waliopigwa risasi kwa ajili ya mbung'o walifika mamia ya maelfu. Sina la kuongeza isipokuwa kwamba Zimbabwe ya leo bado ina mbung'o bonde la Zambezi, na kwamba wataalamu wa nchi hiyohiyo ndio waliokuja kugundua njia nafuu nitakayoieleza.

Kabla ya hiyo, twende Unguja, kwa sababu hakuna mahali katika nchi yetu panapoipinga rai ya kufyeka kwa uwazi kuliko Jozani. Unguja ilikuwa na mbung'o wa aina yake, Glossina austeni, aliyewatesa ng'ombe wa kisiwa kizima. Kwanza idadi yake ilipunguzwa kwa kupaka ng'ombe dawa na kutundika vitambaa vyenye dawa. Kisha, kuanzia 1994, madume yaliyofugwa katika kituo cha Tanga na kuhasiwa kwa mionzi yaliachiwa kutoka angani, jumla yao ikipita milioni nane. Jike la porini likipandwa na dume hasi halizai tena, na kwa kuwa hupandwa mara moja, habari yake imekwisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba Unguja haina mbung'o.

Msitu wa Jozani haukukatwa. Upo, mzito, na tangu 2004 ni kiini cha hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kima punju wakiruka juu ya vichwa vya watalii. Kisiwani humo mbung'o ameondolewa akaisha na mti umebaki umesimama, na Shinyanga, mahali ambapo mti uliondolewa kwa nguvu, ilibidi walipe kuurudisha.

Bara si kisiwa, na hapa sitaki kumdanganya mtu. Ukimaliza mbung'o wa Sikonge, wale wa pori jirani la Ugalla watakuja, na hakuna bahari ya kuwazuia. Kuhasi madume kwa ukubwa wa Unyamwezi nzima ni gharama ambayo hakuna anayeweza kuibeba. Lakini Jozani imetufundisha lile ambalo halmashauri zetu hazijalitumia: wadudu wanaozaa mtoto mmoja kila siku kumi hawahitaji kuuawa wote kwa mkupuo. Watafiti wa Zimbabwe, Glyn Vale na wenzake, walipiga hesabu wakakuta kwamba ukiweza kuua majike asilimia tatu au nne zaidi kila siku, siku baada ya siku, uzazi wake haufuati tena na kundi linakwisha. Na asilimia hiyo inapatikana kwa vitambaa vinne kwa kilomita moja ya mraba: kitambaa cha buluu na cheusi kimeshonwa pamoja na kuwambwa kwenye nguzo, kimelowekwa dawa ya jamii ya pairethroidi, na chupa ya asetoni au mkojo wa ng'ombe uliolala pembeni yake. Mbung'o anakiona kwa mbali, anadhani ni mnyama, anatua, anakufa baadaye.

Kilomita 1,000 za mraba ni vitambaa 4,000, na vitambaa hivyo hupauka kwa jua, huungua wakati wa moto wa kiangazi, huibwa vikashonwa mabegi. Miradi mingi imekufa kwa sababu fedha zilitosha kutundika lakini hazikutosha kurudi kutazama. Ningependekeza kazi hiyo wapewe warina asali. Wao tayari wana njia zao porini, wanajua kila mto mkavu na kila mti wenye mzinga, na hurudi kule kila msimu iwe kuna mradi au hakuna. Aidha, ni watu ambao kipato chao kinategemea miti kubaki.

Hata hivyo vitambaa si kitu kikubwa kuliko vyote. Kikubwa kinatembea kwa miguu minne. Tangu miaka ya 1980 makundi ya ng'ombe yamekuwa yakihama kutoka Shinyanga na Mwanza kupitia Tabora kwenda Katavi, Rukwa na kuendelea, yakifuata malisho. Huo ndio msafara wa leo, mkubwa kuliko wa pembe za ndovu. Wenyeji wanaulaumu kwa kuharibu misitu, na lawama nyingine ni za haki. Lakini kwa habari ya mbung'o, ng'ombe hao wanaweza kuwa mtego bora kuliko kitambaa chochote. Ng'ombe aliyepakwa dawa anatembea mwenyewe hadi aliko mbung'o, ana harufu halisi na joto halisi, na hakuna mtu atakayemshona begi. Utafiti uliofanywa Zimbabwe na kuchapishwa miaka ya 2000 ulionyesha zaidi ya hayo: mbung'o wengi hutua kwenye miguu na tumbo la ng'ombe wakubwa, kwa hiyo hakuna haja ya kumlowesha ng'ombe mzima wala kuhangaika na ndama. Puliza miguu na tumbo la wale wakubwa, na dawa itakayotumika ni sehemu ndogo tu ya ile ya kuogesha kundi zima.

Hapo mfugaji aangalie chupa anayonunua. Si kila dawa ya kupe inaua mbung'o. Amitrazi, inayotumika katika majosho mengi, haimfanyi lolote. Zile za pairethroidi ndizo, deltamethrini miongoni mwake. Nimewasikia wafugaji wakisema wameogesha na mbung'o wakaendelea kuuma kama kawaida, wakahitimisha kwamba dawa hazifai na kwamba moto ndio suluhisho. Huenda waliuziwa dawa sahihi ya kupe kwa tatizo la mbung'o, na hakuna aliyewaambia tofauti.

Na ng'ombe ambaye hakupakwa dawa wala kutibiwa ni hatari kwa watu, si kwa ng'ombe wenzake tu. Malale ya kwetu ni ile ya haraka ya mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo vimelea vyake huishi ndani ya ng'ombe na wanyama pori bila kuwaonyesha dalili kubwa. Uganda waliona maafa ya kuwapuuza ng'ombe. Soroti haikuwa na ugonjwa huu hadi 1998. Mlipuko ulipotokea, watafiti walifuatilia wakakuta chanzo ni mnada wa ng'ombe, ulioleta mifugo kutoka wilaya zenye malale kusini. Hakuna msitu uliohama, ila ng'ombe walinunuliwa wakapelekwa nyumbani, na mbung'o wa huko waliokuwa hawana ugonjwa wakaupata kutoka kwao. Baada ya hapo Uganda iliagiza ng'ombe watibiwe kabla ya kuuzwa, na mwaka 2006 ulianza mpango mkubwa wa kudunga na kupuliza mifugo katika wilaya za kaskazini mwa ukanda wenye malale.

Wagonjwa wa aina hii ya malale ni wachache siku hizi. Mwaka 2022 na 2023 duniani kote hawakufika 100 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya mbung'o wanaokuuma barabarani hawana vimelea vya kumdhuru mtu. Lakini uchache huo una ubaya wake: mganga kijana anaweza kumaliza miaka yake ya kazi bila kuona mgonjwa hata mmoja, na homa ya malale mwanzoni inafanana na malaria. Mtu aliyetoka porini Ugalla au Inyonga, akapata homa isiyosikia dawa ya malaria, na pengine kidonda chekundu kilichovimba pale alipoumwa, aseme wazi alikotoka na aombe damu yake itazamwe kwa darubini kwa ajili ya malale. Tabora kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, chenye uzoefu wa ugonjwa huu. Na tiba imebadilika sana: vidonge vya feksinidazoli viliidhinishwa mwishoni mwa 2023 kwa malale ya aina yetu, na kwa wagonjwa wengi vimeondoa haja ya zile sindano za aseniki zilizokuwa zikiua baadhi ya wagonjwa.

Kwa hiyo ninapomsikia diwani akiahidi kuondoa mbung'o kwa kugawa mashamba mapya ndani ya msitu wa hifadhi, namwuliza maswali matatu. Nani ataishi hapo miaka ishirini ijayo, wakati udongo umechoka na visiki vimechipua? Ng'ombe watakaoingia humo wamepakwa dawa gani? Na mnada wa wilaya yake una mtu wa kupuliza miguu ya ng'ombe kabla hawajapakiwa kwenye lori? Swali la tatu lina jibu rahisi kuliko yote, kwa sababu mnadani ng'ombe wamekwisha kukusanyika wenyewe, wenye ng'ombe wana fedha mkononi siku hiyo, na ushuru unakusanywa getini. Pampu ya mgongoni, chupa ya deltamethrini, na kijana wa kuvitumia vinaweza kulipiwa na sehemu ya ushuru huohuo kuanzia mnada ujao.